Gauni la Kushukia

Watu wanaopanda meli za matembezi huulizana kila kitu isipokuwa namna ya kushuka. Kupanda ni rahisi. Unachekewa mlangoni, unapewa kinywaji chenye mwavuli mdogo, na mzigo wako unakufuata wenyewe mpaka chumbani. Kushuka ndiko kwenye kazi. Meli ninayoisema ilikuwa na ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la mji, na siku ya mwisho wa safari maelfu ya abiria walitakiwa kupita kwenye ngazi mbili nyembamba kabla ya mchana, ili vyumba vifanyiwe usafi na maelfu wengine waingie. Utaratibu ulikuwa hivi: kabla ya kulala siku ya mwisho, kila abiria anafunga sanduku lake, analivisha utepe wa rangi aliyopangiwa, na kuliacha nje ya mlango. Wabeba mizigo wanalichukua. Asubuhi anasubiri rangi yake iitwe kwenye kipaza sauti, anashuka, analikuta sanduku lake bandani, nchi kavu. Wafanyakazi waliomaliza mkataba hawatii mguu nje mpaka abiria wa mwisho awe ameshuka. Anayetaka kulalamika ruhusa, ila alalamike akiwa ameketi.

Mama Taulo alikuwa ameketi. Alikuwa kwenye bwalo la wafanyakazi, chini kabisa ya meli, ambako hakuna dirisha, na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu vikawa vinamfinya. Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa mhudumu wa vyumba, na kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kutandika, kusugua, kuokota nywele za watu kwenye sinki, na kila jioni kukunja taulo zifanane na tembo au bata, ili mgeni akirudi kutoka kula acheke kidogo. Yeye hakuna aliyewahi kumkunjia hata kifaranga. Siku ya mwisho ya mkataba nayo ni siku ya kazi, msimamizi alikuwa amewaambia, kwa hiyo tangu alfajiri alikuwa ameshatandika vyumba vya abiria waliotangulia. Sanduku lake lilikuwa limeshapelekwa bandani pamoja na ya wenzake. Amebaki na nguo mbili tu: sare ya buluu yenye kola nyeupe, aliyoivaa na iliyomganda mgongoni kwa jasho, na gauni la manjano lililoning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, limepigwa pasi, linamngoja.

Gauni hilo lina habari yake. Mama Taulo ana binti mmoja, aliyemwacha kwa dada yake wakati mtoto ndiyo kwanza anaota meno. Meli ilikuwa ikipita bandari ya kwao mara mbili tatu kwa mwaka, na kila ikipita aliomba ruhusa ya muda mfupi, akakimbia mpaka nje ya lango, kwenye benchi la saruji lenye paa la bati. Dada yake alimleta mtoto pale. Walikunywa soda, akamwuliza habari za shule huku akitazama saa kwa jicho la wizi, na mtoto akamwona akitazama. Halafu honi ya meli ililia, basi, mazungumzo yakaishia hapo. Mtoto alimwita mama yake mkubwa "mama". Huyu mwenye sare alimwita "mama wa meli", wala hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyomjua. Na kila walipokutana, baada ya shikamoo, swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: meli inaondoka saa ngapi?

Mwaka uliotangulia, mama alikuwa amemwahidi kwamba anarudi moja kwa moja. Mtoto akafunga begi lake, akakaa kwenye lile benchi kutwa nzima. Kumbe kule melini mwenzake Mama Taulo alikuwa ameugua, akaombwa aongeze miezi, na yeye neno hapana lilikuwa halijui njia ya kutoka mdomoni mwake. Jioni akashuka na sare yake kwa dakika chache, akaeleza. Mtoto hakulia. Dada yake anasema ni afadhali angelia. Tangu hapo kwenye simu mtoto akawa wa ndiyo na hapana, mpaka siku moja mama alipompigia akiwa dukani katika bandari ya watu, akageuza kamera huku na huku, akamwambia amchagulie gauni. Akachagua la manjano, lenye vifungo vikubwa mbele.

"Ukiniona na sare, ujue nitarudi melini," mama akamwambia. "Siku ukiniona na gauni hili, ujue nimeshuka kabisa."

Mtoto akamwambia arudie. Akarudia.

Sasa siku yenyewe ndiyo hii, na ilikuwa na jambo jingine juu yake. Shemeji yake alikuwa amehamishiwa kazi mji wa mbali, na lori la vyombo vyao lilikuwa linaondoka siku hiyohiyo. Dada mtu alimwandikia ujumbe usio na salamu. Lori litapita langoni saa sita mchana na dereva hangoji mtu. Ukiwepo nitakukabidhi mwanao. Usipokuwepo naondoka naye, na sitamdanganya tena kwa niaba yako. Dada mtu si katili. Amelea mtoto wa mdogo wake miaka yote hiyo bila kununa, na mtu wa namna hiyo subira ikimwishia, imeisha kweli. Mama Taulo alijibu "nakuja", kisha mtandao wa wafanyakazi ukamkatikia mkononi, maana mkataba ukiisha na simu yako wanaiaga.

Kipaza sauti kikaita nyekundu, kikaita kijani, kikaita zambarau. Kule bwaloni watu walikuwa wanasinzia wameegemea mikoba yao. Rangi zilipokwisha wote wakasimama, wakajinyoosha, wakasogea mlangoni, wakaambiwa wakae tena. Kila abiria anayeshuka hugusisha kadi yake kwenye mashine pale ngazini, na mashine ilikuwa inasema bado kuna mmoja ndani. Wakamwita kwa kipaza sauti. Wakamwita tena kwa sauti ya upole inayotumiwa na watu waliokasirika. Walipotaja namba ya chumba, Mama Taulo aliinuka akashika ngazi. Kilikuwa chumba cha kona kwenye ujia wake mwenyewe.

Alipofika juu aliwakuta msimamizi na mlinzi wamesimama mlangoni wanagonga. Mwenye chumba alikuwa bibi mmoja aliyesafiri peke yake, mwalimu mkuu mstaafu, abiria pekee aliyejitandikia kitanda kila asubuhi, na akakitandika vibaya hata Mama Taulo ikambidi akitandue kwanza ndipo akitandike. Bibi alikuwa amesema kupitia mlangoni kwamba anaumwa. Wakataka kumwitia daktari, akakataa daktari. Msimamizi alikuwa anafuta jasho. Daktari akiitwa kutakuwa na maelezo na sahihi, na mpaka sahihi zitimie hashuki mtu, si bibi, si mfanyakazi, si paka.

Mama Taulo akawaomba wanaume wasogee kule mbele kwenye lifti. Kwa miaka yake yote melini, hakuna safari iliyokosa mtu wa aina hii. Kwa kawaida ni wanaume, nao hucheka, wakashuka na pajama na kandambili kama vile wamependa wenyewe.

Akaweka mdomo karibu na mlango. "Bibi, ni mimi wa taulo. Umefunga na nguo za kuvaa leo?"

Sauti ikatoka, ndogo sana. "Na viatu."

Alifungua. Alikuwa na vazi la kulalia jepesi la kuonyesha mwili, na shuka amejizungushia mabegani. Alieleza kila kitu kwa mpangilio, kama anatoa taarifa mbele ya wazazi wa wanafunzi. Jana alifunga sanduku mapema ili asichelewe, akalitoa nje wa kwanza katika ujia mzima, akalala na furaha yake. Asubuhi akafungua kabati, akakuta vining'inizio vitupu. Maisha yake yote amewafundisha watoto wa watu kujiandaa siku moja kabla, na leo maandalizi yamemvua nguo. Tangu hapo alikuwa amekaa kitandani akitumaini kwamba mambo yatajitatua. Kule chini bandani mwanawe alikuwa anamngoja pamoja na wakwe, ambao ndiyo mara yao ya kwanza kumwona.

Msimamizi alirudi akatoa mawazo yake. Joho la kuogea: bibi alisema wakwe hawatamwona kwa mara ya kwanza akiwa na joho la kuogea, hata meli izame. Duka la melini lilikuwa limefungwa kwa lakiri ya forodha, kama kawaida meli ikiwa bandarini. Sare ya wafanyakazi haivaliwi na abiria, mlinzi wa ngazini angemrudisha. Kulitafuta sanduku lake katikati ya maelfu bandani kuliwezekana, mlinzi akasema, na pengine alasiri lingepatikana.

Mama Taulo akatazama saa ya ukutani pale ujiani. Akamchukia yule bibi, kwa muda mfupi na kwa moyo wake wote. Aliliona jambo lilivyo. Akikaa na gauni lake, hashuki, na lori linaondoka na mwanawe. Akilitoa, anashuka, lakini anashuka na sare. Vyovyote vile, hatafika kwenye lile benchi akiwa na vazi alilomwambia mtoto amngoje nalo. Alitamani kukaa chini palepale kwenye zulia alipokuwa akipitisha mashine ya kufyonza vumbi kila siku, alale, waje wamwamshe dunia ikiwa imetulia.

Akasema, "Nisubirini." Lifti ya wafanyakazi ilikuwa imejaa mashuka machafu, akashuka kwa ngazi hadi chini na kupanda tena kwa ngazi. Alirudi anahema na gauni mkononi, na kandambili zake.

Bibi alikuwa mwembamba, gauni likamkaa kwa nafasi. Vifungo vikubwa vikamshinda, kwa hiyo Mama Taulo akamfungia yeye, kimoja kimoja, kuanzia chini hadi shingoni.

"Na wewe utavaa nini, mwanangu?"

"Nina sare."

Bibi alisema atamngoja bandani amrudishie, akishapata sanduku lake tu. Mama Taulo akaitikia sawa, kama tunavyoitikia mambo tusiyokuwa na nguvu ya kuyafikiria.

Mashine ikalia, idadi ikatimia, na wafanyakazi wakafunguliwa. Kwenye ngazi alikuwa amesimama dobi mkuu, anapokea sare za wanaoondoka na kuzitupa kwenye tenga. Alimtazama Mama Taulo juu mpaka chini, akamwuliza na hiyo je. Akamjibu hana nguo nyingine. Dobi akageuza uso, akajifanya anapanga zile zilizomo tengani. Mlinzi akachukua kadi yake ya kazi, akaitoboa tundu katikati ili isifanye kazi tena, akamrudishia awe nayo ya kumbukumbu. Afisa wa uhamiaji akagonga muhuri bila kuinua macho. Nje jua lilikuwa limesimama utosini.

Alikimbia, kama unaweza kukuita kule kukimbia, kwa miguu ile. Alipita bandani alikokuwa na sanduku lake, akaona foleni, akasema atalirudia. Katikati ya watu aliona rangi ya manjano. Bibi alikuwa amekumbatiwa na watu watatu kwa pamoja, akainua mkono kumwita. Mama Taulo akapunga bila kusimama. Gauni lilimpendeza yule bibi, na hilo likamwuma zaidi.

Lori lilikuwepo. Lilikuwa langoni linanguruma, vitanda vimesimamishwa, magodoro juu yake, cherehani imefungwa kwa blanketi. Saa sita ilikuwa imepita, na dereva alikuwa ameshapiga honi mpaka akachoka. Dada yake alikuwa nyuma ya lori anakaza kamba. Baadaye shemeji alisema kamba ile ilikuwa imekazwa barabara tangu nyumbani, na kwamba pale langoni mkewe aliifungua na kuifunga upya mara tatu.

"Umekuja," dada mtu akasema.

"Nimekuja, dada. Shikamoo."

Dada alikuwa anaitazama sare. Mama Taulo hakuwa na pumzi ya maelezo, akampa ile kadi. Dada akaigeuza, akapitisha kidole kwenye tundu, akauliza kama ndiyo basi kweli. Akaambiwa ndiyo basi. Macho yakamjaa maji, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye vumbi la kamba, ikawa matope.

Mtoto alikuwa ameshapakiwa mbele, kati ya dereva na shemeji. Aliteremka pole pole. Alimwangalia mama yake kuanzia kola mpaka pindo, kisha akarudi tena kwenye kola.

"Shikamoo. Meli inaondoka saa ngapi?"

"Jioni. Lakini mimi simo, mwanangu. Nimeshuka kabisa."

"Gauni liko wapi?"

"Nimempa bibi mmoja. Hakuwa na nguo."

Hata yeye mwenyewe aliposikia maneno yale aliyaona ni uongo mtupu. Akamwonyesha kadi, lakini kadi yenye tundu kwa mtoto ni kadi yenye tundu. Mtoto alimgeukia mama yake mkubwa, akamwambia kwa utulivu wa mtu mzima kwamba huyu anarudi, ana sare. Dada mtu akapiga magoti vumbini, akamweleza, akambembeleza, akamwapia. Akateremsha begi la mtoto akaliweka kwenye benchi, akaliondoa, akaliweka tena. Dereva akatia gia ya kuondoka kweli. Hapo ndipo mtoto alipolia, kilio cha kumlilia mama, na mama aliyemlilia alikuwa anapanda lori. Alilikimbilia hatua kadhaa, akasimama mwenyewe. Mama Taulo alikuwa nyuma yake, mikono ameinyoosha, hajui amshike wapi. Iliuma sana. Hakuna haja ya kuipamba.

Dada alikuwa amewaachia ufunguo wa chumba, mtaa wa pili tu kutoka pale. Mama Taulo akasema twende, tukaoge, tukalale, nitakupikia. Mtoto akatikisa kichwa, akakaa upande wa mwisho wa benchi, begi katikati yao.

"Mpaka iondoke," akasema.

Kwa hiyo wakakaa. Kutoka pale, juu ya mapaa ya mabanda, zilionekana ghorofa za juu za meli na bomba lake. Teksi zikaanza kuleta abiria wapya, wenye kofia mpya na masanduku yasiyo na mkwaruzo, wanapigana picha. Mama Taulo aliwaangalia akajikuta anawaza mashuka yao. Usingizi ulikuwa unamvuta kichwa kama ndoo inavyovuta mkono. Mfukoni mwa sare alikuta kitaulo cha mkono, na vidole vyake vyenyewe, bila kuombwa, vikaanza kukikunja, miguu minne, masikio, mkonga. Akamweka tembo juu ya begi. Mtoto alimtazama tembo kwa muda mrefu. Alikuwa amemwona kwenye simu tu. Kisha akamchukua, akamkunjua taratibu, sikio kwa sikio, aone alivyotengenezwa, mpaka ikabaki taulo. Akaikunja mara mbili akaiweka mapajani. Mama akaegemea nguzo ya paa, akasinzia.

Jua lilikuwa linapungua makali honi ilipolia.

Ililia kama ilivyokuwa ikilia siku zote, ndefu, ya kutikisa bati la paa. Mama Taulo akainuka. Hakuamka, aliinuka tu. Miaka sita honi ile ilikuwa ikimwambia kitu kimoja, na miguu haikuwa na habari ya mkataba wala kadi. Akavuta sare chini, akaweka kola sawa, akapiga hatua moja kuelekea lango, akapiga ya pili.

Kitu kikamzuia nyuma. Akadhani amenaswa na msumari wa benchi. Akageuka, macho yakafunguka, akamwona mtoto amesimama, taulo imeanguka chini, na mikono yake miwili imeshika pindo la sare mpaka vidole vimepauka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejua tangu mwanzo, na aliyeomba iwe sivyo.

"Mama," akasema. "Kaa."

Akakaa. Alikaa palepale chini, kwenye saruji, mgongo kwenye benchi, na mtoto akakaa juu yake na uzito wake wote ili asiweze kuinuka tena. Hivyo ndivyo walivyolitazama bomba la meli likianza kusogea juu ya mapaa, taratibu, banda hadi banda, mpaka likapita la mwisho na pale lilipokuwa pakabaki anga. Mtoto akangoja bado. Alingoja mpaka mlinzi alipofunga upande mmoja wa lango.

Ndipo akaokota taulo, akachukua begi lake, akasema twende. Pindo la sare hakuliachia njia nzima.